"Mlikuwa mnaoga wapi ulipokuwa mdogo?" Mwaka wangu wa kwanza kuongoza somo la afya ya wanawake kwenye chuo kipya cha udaktari, Kanda ya Ziwa

#1 MamaLeba

Wakuu salama? Mwangaluka kwa wa huku kwetu.

Huwa napita humu kimya kimya nikisoma za wengine. Leo nafungua uzi wangu maana kuna jambo nimechoka kulieleza kwa mtu mmoja mmoja.

Mimi ni daktari wa wanawake, niko Mwanza. Zaidi ya miaka kumi maisha yangu ni leba, thieta na kliniki. Mwaka jana chuo kipya cha udaktari kikanichukua niongoze ufundishaji wote wa afya ya wanawake, kuanzia mhadhara wa kwanza mpaka mtihani wa mwisho wa wodini. Jina la chuo mnisamehe. Wenye kujua watajua.

Nilidhani nimepewa cheo. Kumbe nimepewa chumba chenye meza moja, nyonga ya plastiki ikiwa bado kwenye boksi, na mtaala wa kuazima. Kuazima si aibu, chuo kipya kitaanzia wapi? Hata chuo cha pale Bugando kilianza 2003 na wanafunzi 10 tu wa udaktari, na leo sioni hospitali ya kanda hii utakayoingia ukakosa mtu aliyepita pale. Ila mtaala wa kuazima unakuja na wagonjwa wake. Niliusoma wote usiku mmoja na chupa ya chai ya tangawizi. Mwanamke wa mle ndani anaanza kuumwa akishika mimba, anapona akijifungua, halafu anapotea mpaka siku apate saratani. Kichocho kimetajwa mstari mmoja, chini ya "maambukizi mengine". Kanda ya Ziwa, mstari mmoja!

Ngoja niwape kisa kilichonifanya niufumue. Kisa ni changu na kosa ni langu.

Kabla ya kazi hii ya chuo, alikuja kliniki dada wa miaka ishirini na kitu, mke wa mtu, muuza nyanya. Maumivu chini ya kitovu, uchafu usioisha, damu kidogo kila akikutana na mumewe. Ametibiwa UTI, ametibiwa PID (maambukizi ya via vya uzazi), amechomwa sindano za kisonono yeye na mume, na si mara moja. Mume ameshaanza kulala sebuleni. Nikampima, nikaona mlango wa kizazi mwekundu, nikaandika PID na mimi. Nikampa dawa zilezile zenye jina jingine.

Akarudi baada ya mwezi na nusu. Siku hiyo nilikuwa na mkunga wa siku nyingi, humu tumwite Bibi Mkunga, amebakiza muda mfupi astaafu. Alikuwa anamfunika yule dada miguu kwa kanga, akamuuliza kama mtu anayepiga soga tu: "Mwanangu, kwenu wapi?" Kwimba, ndani ndani huko. "Mlikuwa mnaoga wapi ulipokuwa mdogo?" Lambo. "Na mpunga mlilima?" Mpaka naolewa, bibi. Bibi Mkunga hakusema neno. Akaivuta taa akaileta karibu yangu, akakohoa.

Nikarudia kuangalia, safari hii bila haraka. Kwenye mlango wa kizazi kulikuwa na mabaka ya manjano hafifu yenye chembechembe, kama mtu kalowanisha mchanga akaubandika. Ni mayai ya kichocho yaliyonasa kwenye nyama, na yakishanasa yanaweza kukaa miaka. Mkojo wake ulipopimwa haukuwa na yai hata moja, na hilo ni la kawaida: mabaka yapo, mkojo safi. Nikampa dawa ya kichocho, praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake. Nikamwita mume nikamweleza kwamba ugonjwa huu mkewe aliutoa majini akiwa mtoto, kabla hata hajamfahamu yeye, na wala haupiti kwa kulala na mtu. Yule bwana alikaa kimya sana, kisha akauliza kama ng'ombe nao wanaupata. Nadhani ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi.

Kwa hiyo nilipokabidhiwa mtaala ule nikaanza na swali la Bibi Mkunga. Vyuo vingi mwanafunzi anafundishwa kuanza na "hedhi yako ya mwisho lini?" Wangu wanaanza na "ulikulia wapi, mlikuwa mnaoga wapi?" Hedhi inakuja baadaye, haitoroki.

Mengine nitaendelea, napigiwa simu ya wodini.

#2 Sato_wa_Igombe

Nimekaa pale nasubiri.

Ila daktari umenitisha. Mimi nimezaliwa mwaloni, kwa wavuvi, nimeoga ziwani tangu sijajua kutembea, na mke wangu ni wa hapa hapa Igombe. Ina maana huku wote tuna hicho kitu?

#3 Ngese_Mtupu

Nimesoma nusu, nimeishia kwenye chai ya tangawizi. Muhtasari tafadhali.

#4 MamaLeba

@Ngese_Mtupu chai imeisha, soma.

@Sato_wa_Igombe umeuliza swali ambalo wanafunzi wangu walilikosa wote. Nilipowaambia kichocho, mwezi wa kwanza waliniletea kila mwanamke wa Ukerewe na kila muuza dagaa wa Kirumba. Wakashangaa hawaoni mabaka.

Vichocho huku kwetu ni viwili. Cha ziwani, cha visiwani na mialoni, kwa sehemu kubwa ni kile cha tumbo. Minyoo yake inakaa kwenye mishipa ya utumbo, inaumiza ini, mwisho mtu anavimba tumbo na kutapika damu. Kile cha mkojo ndicho kinachopenda njia ya uzazi, na kwetu kiko zaidi bara: malambo, majaruba ya mpunga, vidimbwi vya msimu wa mvua. Konokono wake anataka maji yaliyotulia. Sasa ona: mkeo wa Igombe namwangalia zaidi ini na tumbo. Yule wa Kwimba aliyehamia Buhongwa miaka kumi iliyopita, anayeoga maji ya bomba na anayekujia na viatu virefu, huyo ndiye nitakayemsogezea taa. Ndiyo maana swali si "unaishi wapi". Swali ni ulikulia wapi.

Jambo jingine, kingatiba ya kichocho inatolewa shuleni. Msichana aliyeacha darasa la nne akaenda kulima haimfikii. Mama wa miaka 35 haimfikii. Na mabaka ya zamani dawa haiyafuti vizuri kama ya mapema, kwa hiyo kuchelewa kuna gharama yake.

Wewe na mama nendeni mkapime, usikae na hofu mkuu. Kipimo cha choo kwa cha tumbo, na dawa ni hiyo hiyo.

#5 Mwanafunzi_Mnyonge

Shikamoo daktari. Sikujua na wewe uko humu, aisee. Naogopa hata kuandika.

Wakuu, mimi ni mmoja wa hao wanafunzi, na ni mwanaume. Mniruhusu nisimulie habari ya rozela maana yeye anaweza kuipamba.

Siku ya pili ya somo tumeingia darasani tunakuta meza sita. Kila meza ina kanga iliyoloa wekundu, nyingine mbili ziko sakafuni juu ya karatasi ya plastiki, na kuna beseni lenye mabonge. Harufu tamu tamu. Alikuwa amechemsha rozela, ile choya ya juisi, akakoroga na wanga iwe nzito, akamwagia kanga kipimo anachokijua yeye peke yake. Akasema: huyu mama amejifungua dakika ishirini zilizopita, andikeni amepoteza damu kiasi gani.

Meza ya tatu mimi niliandika mililita 300. Jirani yangu 250. Yule anayeongoza darasa letu kwa maksi akaandika 400, tukamcheka kwamba anatia chumvi. Akaingia mama mmoja wa makamo na sare ya nesi, akazunguka bila kugusa kitu, akafika meza ya tatu akasema "mia nane, na huyu mumeshamchelewesha." Ilikuwa 850.

Hakuna aliyecheka tena. Mililita 500 baada ya kujifungua kwa kawaida tayari ni hatari, tulikuwa tumelisoma na tumelikariri. Kwenye kanga tukaiona 850 tukaita 300.

Huyo mama ndiye Bibi Mkunga. Mpaka leo nikiona juisi ya rozela kwenye harusi natafuta maji.

#6 Mzee_wa_Takwimu

Uzi mzuri, ila niwe mbishi kidogo kama kawaida yangu.

Utafiti wa afya ya jamii wa 2015/16 ulitoa vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukatoa 104. Yaani vimeshuka zaidi ya mara tano, na vyuo vya zamani na mitaala hiyo hiyo mnayoisema ya kuazima. Sasa nyie wa chuo kipya mnakuja na rozela kufumua nini? Kilichofanya kazi kiacheni.

#7 MamaLeba

@Mwanafunzi_Mnyonge marahaba. Nimekujua kwa hilo la harusi. Ripoti yako ya wodi bado sijaiona.

@Mzee_wa_Takwimu ubishi wako nimeupenda, umekuja na namba. Mimi sidhani namba ile imeshushwa na mihadhara. Vituo vya afya vimejengewa thieta, mama wanajifungulia vituoni, usafiri wa dharura wa m-mama ambao ulijaribiwa mapema huku kwetu Sengerema sasa unapiga 115 bure. Hayo ni magari, matofali na simu. Mwanafunzi wangu ataingia humo akiwa na kazi ya kutoharibu.

Lakini ile 104 iliyobaki ni ngumu kuliko zile zilizoshuka. Mama wa siku hizi anafia ndani, tayari kafika. Damu ndiyo inayoongoza kutuumiza, na sehemu kubwa ya kosa ni hiyo ya meza ya tatu: watu wazima wanne wamesimama, kila mmoja ana macho, hakuna anayeiona damu kwa kipimo chake. Utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023 ulifanyika nchi nne, Tanzania ikiwemo, ulianza na hospitali 80. Kitu kikubwa walichoongeza ni shuka la plastiki lenye mfuko na mistari ya kupimia, linawekwa chini ya mama, damu inaingia mfukoni unaisoma kama unavyosoma jagi. Ikifika mstari hakuna kuitana kikao: kusugua kizazi, dawa ya kukaza kizazi, traneksamiki ya kuzuia damu, dripu, kukagua ilikotoka, vyote kwa pamoja. Madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Kwa jagi!

Na kuna friji. Oksitosini, hiyo dawa ya kukaza kizazi, inataka nyuzi 2 hadi 8. Ukiiacha dirishani Mwanza mwezi wa tisa, unachoma maji. Wanafunzi wangu siku yao ya kwanza leba hawaruhusiwi kukaribia mgonjwa. Wanakwenda kwenye friji ya dawa, wanasoma kipimajoto, wanaandika, wanaangalia kama kuna soda ya mtu mle ndani. Kuna hospitali moja, siitaji, tulikuta samaki. Sato mzima, amefungwa gazeti, amelala na oksitosini. Wanafunzi walitaka kupiga picha nikawakataza, nikawaambia waandike tu nyuzi: 14. Friji ilikuwa inafunguliwa kila saa mtu kuangalia samaki wake.

#8 Sato_wa_Igombe

Wametuharibia jina.

#9 Mkunga_Kisiwani

Dada daktari nakusalimu. Mimi ni mkunga, niko moja ya visiwa vya Ukerewe, kituo cha afya. Nimesoma yote kwa sauti, mwenzangu anasikiliza huku anakunja gozi za leba, vile vitambaa vya kufutia damu.

Nikupongeze kwa Bibi Mkunga, ila na mimi nina la moyoni. Nyie wa vyuo mnatuletea wanafunzi, sawa. Wanakuja kumi na tano kwa mpigo, mama mmoja yuko kitandani, njia imefunguka sentimita sita, wamemzunguka kama wanaangalia mpira. Kila mmoja anataka kupima njia. Mama anajifunga, uchungu unakata. Wakimaliza wanaondoka, mimi nabaki na mama asiyetaka kuguswa na mtu yeyote, hata mimi. Halafu mwanafunzi wa jana ananiambia "sista, siku hizi uchungu kamili unaanzia sentimita tano, siyo nne." Mimi nimezalisha kwa patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ya kuanzia nne miaka yote. Sijakataa kujifunza. Ila aniambie akiwa ameshika gozi, asiniambie akiwa ameshika simu.

#10 MamaLeba

@Mkunga_Kisiwani umenipiga panapouma, na unastahili jibu refu.

Kwanza sentimita. Kijana wako kasema kweli: mwongozo wa WHO wa 2020 unaanza kuhesabu uchungu kamili kwenye tano, na umeondoa ule mstari wa kudai njia ifunguke sentimita moja kwa saa. Lakini kwangu hakuna anayefundishwa hilo kabla hajafundishwa kwamba patografu yenyewe ilizaliwa Afrika na ilitengenezwa kwa ajili ya mkunga. Mwaka 1972, Harare ikiwa bado inaitwa Salisbury, Philpott na mwenzake Castle waliweka ile mistari miwili kwenye karatasi ili mkunga aliye mbali ajue saa ngapi amtoe mama. Mtu wa kisiwani mwenye kivuko cha mwisho jioni. Ukilijua hilo hutamsahihisha mkunga kwa simu mkononi. Utamuuliza: sista, wewe kwa hapa mlipo, mstari wako wa kumtoa mama ni saa ngapi? Maana kwako saa nne za kusubiri si sawa na saa nne za kwangu, mimi thieta ni ng'ambo ya korido.

Hilo la kumi na tano. Mimi nilisoma hivyo hivyo. Nilipima njia kwa mara ya kwanza kwa mama ambaye sikuwahi kumwona uso, nilikuwa wa saba kwenye foleni. Hajaniruhusu mtu. Alikuwa amejifunika macho kwa kitenge na nilishukuru amejifunika. Nimekaa na hilo miaka mingi.

Chuo kipya kina bahati moja: hakuna mtu wa kusema "hapa huwa tunafanya hivi". Nikaandika kanuni kabla hawajafika. Wodini wanaingia wawili wawili. Mama mmoja, mwanafunzi mmoja anayepima, na anayemsimamia atapima kwa sababu ingekuwa lazima apime hata kama mwanafunzi hayupo. Si zaidi. Na kipimo ni kila baada ya saa nne isipokuwa kuna sababu. Mwanafunzi anajitambulisha kwa jina na anasema yeye ni mwanafunzi, siyo "daktari". Mama akisema hapana, anakaa upande wa kichwa, anamsugua mgongo, anaandika. Mwanamke aliyelazwa usingizi thieta hapimwi kwa ajili ya kujifunza kama hakukubali akiwa macho. Hilo la mwisho lilileta kelele kwenye kikao kuliko mengine yote. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema "sasa watajifunzia wapi?" Nikamwambia kwa anayekubali. Wapo wengi, wakiulizwa.

Hesabu ilikataa, sitawaficha. Wawili wawili maana yake zamu za usiku, Jumapili, sikukuu. Hospitali tunayoitumia ina wanafunzi wa uuguzi, wa utabibu na maintani, wote wanatafuta mama huyo huyo. Nimegombana na mratibu wa ratiba mpaka ananikwepa kwenye ngazi.

Na Bibi Mkunga. Nilipeleka jina lake awe mwalimu wa leba kwa wanafunzi wa udaktari. Fomu ikarudi na swali moja kwa kalamu nyekundu: "Ana shahada gani?" Ana cheti, na mikono iliyopokea watoto ambao sasa wengine ni wanafunzi wangu. Fomu haina nafasi ya kuandika hilo. Mpaka leo analipwa nauli na chakula cha mchana, kwa jina la "mgeni mwalikwa". Mgeni! Wodi ile kaikuta mimi nikiwa shule ya msingi.

#11 Mwanafunzi_Mnyonge

Hilo la kukaa upande wa kichwa ni kweli, mimi limenikuta mara tatu. Kwa mama wa tatu nilikaa kichwani saa tano. Alikuwa binti mdogo, wa Magu, hana mtu, ananishika mkono na kucha. Alipojifungua akaniambia wabeja, asante ya Kisukuma. Sikupima chochote usiku ule, lakini kichanga kilipotoka nilijua kabla ya kuambiwa, kwa namna pumzi za mama zilivyobadilika. Nimeliandika kwenye ripoti. (Daktari, ripoti ni hiyo, nitaileta kesho.)

#12 Baba_Wawili

Mimi sifichi. Mke wangu hawezi kupimwa na mwanafunzi mwanaume. Afe mtu.

#13 Mkunga_Kisiwani

@Baba_Wawili "afe mtu" ndiyo hiyo hiyo inayokufa kaka. Huku kwetu kuna usiku daktari ni mmoja na ni mwanaume. Mkeo aseme hapana mwenyewe, akiulizwa. Wewe ukisema kwa niaba yake uko nje ya mlango, mimi nitakupa tu benchi ukae.

#14 Baba_Wawili

Sawa sista. Benchi nimepata.

#15 Dada_wa_Pasiansi

Samahani kama natoka nje ya mada. Mama yangu ana miaka 51. Usiku anaamka amelowa jasho, anafungua madirisha, mbu wanaingia, asubuhi analia bila sababu. Kapimwa malaria sijui mara ngapi. Kapewa dawa za presha, presha yenyewe ya kawaida. Shangazi anasema karogwa na mke mwenza wa zamani. Nimesoma uzi wote nikitafuta mtu kama yeye, sijamwona. Mmezungumzia mimba na kuzaa na kichocho. Mama yangu ameshazaa wote saba, amemaliza. Je, huyo si mwanamke tena?

#16 Mzee_wa_Takwimu

Hapo sasa.

#17 Kijana_wa_Mabatini

Daktari pia tusaidie hili la chanjo ya mabinti mashuleni. Mtaani wanasema inafunga kizazi. Mdogo wangu kakimbia siku ya chanjo, kajificha kwenye mawe huko juu mpaka jioni.

#18 MamaLeba

@Kijana_wa_Mabatini nianze na wewe kwa kuwa ni fupi. Haifungi kizazi. Inakinga virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Na mwambie mdogo wako jambo ambalo hata wanafunzi wangu hawakulijua: moja ya tafiti zilizoonyesha kwamba dozi moja inaweza kutosha ilifanyika hapa hapa Mwanza, DoRIS, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14. Wengine wakapewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, wakafuatiliwa damu zao. WHO ikakubali dozi moja 2022, na sisi tuliokuwa tumeanza chanjo nchi nzima 2018 tukahamia dozi moja 2024. Sindano iliyompeleka mdogo wako kwenye mawe imepunguzwa kwa msaada wa dada zake wa mtaa wa pili. Ashuke.

@Dada_wa_Pasiansi hujatoka nje ya mada. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, nikafungua mtaala wangu mpya ninaojisifia humu tangu asubuhi. Kukoma hedhi nimekuwekea saa mbili. Mbili, kati ya somo zima. Nimewalaumu wenye mtaala wa kuazima kwamba mwanamke wao anapotea akishazaa, na wangu anapotea vile vile, isipokuwa wangu kaoga lambo kwanza.

Kwa mama: kwa umri huo na dalili hizo, kukoma hedhi ndiko kunakofanana zaidi, lakini asibandikwe jina bila kupimwa kama mimi nilivyombandika yule dada. Apimwe tezi la shingo, sukari, wingi wa damu, na kama analia kila siku aulizwe vizuri kuhusu huzuni, maana inaweza kuja pamoja nayo. Aulizwe hedhi ya mwisho ilikuwa lini (ndiyo, hapa sasa ndiyo mahali pake). Kama ilishakoma mwaka mzima halafu akaona damu tena, hata tone, asisubiri, hiyo ni ya kwenda kliniki wiki hiyo hiyo. Zipo dawa za homoni, zina faida na zina masharti, mtu mwenye historia ya saratani ya titi au kuganda damu hapewi hivi hivi. Na zipo njia zisizo za homoni. Dawa za presha kama presha haipo, arudi aliyeziandika aulizwe. Neti aweke dirishani ili afungue bila mbu, hilo halihitaji daktari.

Na shangazi mwambie mke mwenza hahusiki.

#19 Dada_wa_Pasiansi

Asante daktari. Nimemsomea mama. Amecheka kwenye mke mwenza, mara ya kwanza wiki hii. Anauliza hizo saa mbili anaweza kuja kukaa nyuma darasani.

#20 MamaLeba

MREJESHO, wiki ya pili.

Kikao cha mtaala kilikuwa Jumatatu. Kukoma hedhi sasa ni saa tano. Hizo tatu nimezinyang'anya kwenye mhadhara wangu mwenyewe wa kutoa mtoto kwa koleo, mhadhara ninaoupenda kuliko yote, wenye michoro niliyochora kwa mkono. Hakuna anayetumia koleo huku kwetu siku hizi, vakyumu, kile kifaa cha kumvuta mtoto kwa hewa, ndiyo iliyobaki, ila iliniuma.

Mama wa Pasiansi akija kukaa nyuma tutamwomba akae mbele.

#21 Mkunga_Kisiwani

Saa tano hizo nani anafundisha? Usiniambie kijana wa miaka 28.

#22 MamaLeba

Bibi Mkunga. Anastaafu Juni, fomu yenye kalamu nyekundu haitamhusu tena, tunamwandika kwa mkataba wa muda. Nimemwambia jana wakati anavua gauni la leba.

#23 Mkunga_Kisiwani

Kasemaje?

#24 MamaLeba

Kauliza kama nauli ni ile ile ya mgeni.